Nafasi Tupu Katika Kadi ya Mjamzito

Nilipoitazama kadi ya kliniki ya mdogo wangu, hapa Songea, nafasi ya albumini katika mkojo ilikuwa tupu kwa mahudhurio matatu. Mkunga alimweleza kwa upole kuwa vijiti vya kupimia vimekwisha, akanunue dukani. Hakuwa na fedha, akarejea nyumbani.

Protini katika mkojo, ikiambatana na shinikizo la juu la damu baada ya wiki ya 20, hutahadharisha juu ya kifafa cha mimba. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe wajawazito malipo. Ni msamaha gani unaokomea kwenye dirisha la duka la dawa? Simlaumu mkunga, hapimi kwa mikono mitupu. Halmashauri zinapopanga bajeti, vijiti vitangulie posho za semina.