Masharti ya Ibilisi yasisahaulike mezani

Baharia Fjord alikuwa akizinduka usingizini akikohoa maji ya chumvi. Meli yake ilipozama, nyoka mkubwa wa baharini aitwaye Uk'otoa alimnusuru, akampa upanga na uchawi. Kisha akaanza kumdai. Ndoto kwa ndoto, Fjord alisukumwa kumfungua nyoka huyo kutoka kifungoni, mpaka siku moja alipochoka kuamrishwa, akautupa upanga ndani ya lava na kubaki mikono mitupu.

Kisa hicho hakikutungwa na mwandishi wa riwaya. Kilizaliwa mezani, katika Critical Role, kipindi cha Marekani ambamo waigizaji hucheza Dungeons & Dragons mbele ya watazamaji wa mtandaoni. Fjord alichezwa na Travis Willingham. Nyoka alisemewa na Matthew Mercer, msimamizi wa mchezo.

Katika mchezo huo kila mtu hubuni mhusika wake, msimamizi huusimulia ulimwengu, na dadu lenye pande 20 huamua kama jambo gumu limewezekana au limeshindikana. Aina mojawapo ya wahusika huitwa Warlock. Huyu hakuusomea uchawi wala hakuzaliwa nao, bali amepewa na mkubwa fulani kwa makubaliano. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 kilitaja wakubwa wa aina tatu, na mmojawapo ni shetani wa kuzimu.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Amesikia habari za utajiri wa masharti: fulani amejenga ghafla, na mtaa unanong'ona kwamba amekatazwa hiki na kutakiwa kutoa kile. Kinachofanya watu wasogeze viti karibu ni masharti. Utajiri peke yake haunogeshi hadithi.

Kitabu cha mchezo kinaueleza utajiri kwa kirefu. Mapigo ya nguvu yamepimwa, na uchawi uliotumika unarudi baada ya mapumziko ya saa moja. Deni, kinyume chake, limeachiwa mchezaji na msimamizi wakubaliane wenyewe. Wasipokubaliana, Ibilisi anageuka duka la mkopo lisilo na daftari: mtu anachukua leo, anachukua kesho, wala hakuna anayebisha hodi kudai. Mhusika wa namna hiyo amevaa pembe tu, na mchezaji wake amejinyima sehemu tamu kuliko zote.

Wapo wanaoona heri mashetani wasitajwe kabisa. Hofu hiyo ina historia, na ndani yake mna msiba wa kweli. Mwaka 1982 kijana wa Patricia Pulling, wa jimbo la Virginia, alijiua, na mama yake akaamini kwamba mchezo ndio uliomponza. Mwaka uliofuata alianzisha chama cha kuupinga, na mashtaka ya ushetani yakaenea Marekani nzima. Uchungu wa mama yule unastahili heshima. Dai lake, hata hivyo, halikusimama: mwaka 1990 Michael Stackpole, mbunifu wa michezo, alichapisha ripoti ndefu iliyouchambua ushahidi wake na kuonyesha ulivyokuwa dhaifu.

Wakati huo TSR, kampuni iliyochapisha mchezo huo, ilikuwa imekwisha kurudi nyuma. Toleo la pili la mwaka 1989 liliyaacha majina ya mashetani, na baadaye viumbe wale wale wakarudishwa kwa majina ya kubuni, baatezu na tanar'ri. Ulikuwa uamuzi mbaya. Shetani aliyebadilishwa jina bado ana kucha zake, ila aliyeketi mezani hakumbushwi tena kwamba anayezungumza naye ni mwongo wa tangu zamani.

Anayeamini kwa dhati kwamba mapepo yapo ana haki ya kukataa, na pahali pa kulisema hilo ni kikao cha kwanza, kabla dadu halijarushwa. Papo hapo ndipo anayemtaka Warlock aulizwe: ulimwomba nani, ulikuwa na shida gani, na umekatazwa nini?

Wabunifu wa Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2023 uliojengwa juu ya kanuni hizo hizo, waliyajibu maswali hayo vizuri. Mhusika wao Wyll aliingia mkataba na shetani Mizora akiwa na miaka 17 ili auokoe mji wake. Sharti lilimfunga mdomo, asiweze kujieleza hata kwa baba yake, na baba akamfukuza. Anapokataa kumuua mtu asiye na hatia, Mizora anamwotesha pembe. Baadaye mwanamke huyo anarudi na karatasi mpya: Wyll akubali utumwa wa milele, baba yake apone, au avunje mkataba, na baba afe. Mizora ameshika kalamu, anangoja.