Malako si ya mwaka 1990

Haya wasomaji, leo tuziweke kando kidogo habari za simu mpya, tuzungumze muziki. Lakini msiondoke, kompyuta itaingia hapo mbele, tena itaaibika.

Jumapili moja nilikuwa kwa mjomba wangu Nakuru. Nyama ikiwa bado motoni, wazee watatu wakaanza ubishi ambao nadhani wameurudia tangu kabla sijazaliwa: ni albamu gani bora kuliko zote za mwanzoni mwa miaka ya themanini? Mjomba anashikilia Uprising ya mwaka 1980, albamu ya mwisho kutoka Bob Marley akiwa hai. Jirani yake hataki kusikia kingine ila Eyes That See in the Dark ya Kenny Rogers, ya mwaka 1983, yenye ule wimbo Islands in the Stream alioimba na Dolly Parton. Mzee wa tatu, mwalimu mstaafu, anasema wenzake wanapoteza wakati. Thriller ya Michael Jackson, mwaka 1982, basi, mjadala umefungwa.

Mke wa mjomba akatokea na sinia la kachumbari, akauliza, "Na Malako ya Virunga je?"

"Mama, huo ni wimbo," mwalimu akamjibu. "Sisi tunazungumzia albamu."

Akaliweka sinia mezani, akarudi jikoni. Mjomba akanigeukia mimi: "Wewe si ulisomea kompyuta? Tuamulie."

Sasa mtu akikuambia hivyo mbele ya wazee utafanya nini? Niliwaomba simu zao, ya mke wa mjomba ikiwemo, nikatoa kumbukumbu za nyimbo wanazosikiliza mtandaoni. Usiku nikaandika programu fupi. Kazi yake ilikuwa rahisi: ichukue kila wimbo, isome mwaka wake, itupe chochote kisichokuwa cha 1980 hadi 1984, kisha ihesabu ni albamu gani imechezwa mara nyingi zaidi.

Programu haikuleta kosa hata moja. Majibu yake ndiyo yaliyokuwa ya ajabu. Wa kwanza: Legend ya Bob Marley. Wa pili: Greatest Hits ya Kenny Rogers. Thriller ikafuata nyuma. Malako haikuonekana kabisa, ingawa kwenye simu ya mke wa mjomba ilikuwa imechezwa kuliko wimbo mwingine wowote.

Tazama vizuri kilichotokea. Legend ni ya mwaka 1984, hilo ni kweli. Lakini Marley alifariki Mei 1981, na nyimbo nyingi zilizomo ni za miaka ya sabini, zilizokusanywa baada ya kifo chake. Zaidi ya hayo, Redemption Song na Could You Be Loved, ambazo ni za Uprising, zimo pia ndani ya Legend. Kila mjomba alipozisikiliza humo, kura yake ilikuwa ikiibiwa. Greatest Hits ya Kenny Rogers nayo ilitoka mwaka 1980, lakini The Gambler iliyomo ndani ni ya mwaka 1978.

Na Malako? Samba Mapangala na Orchestra Virunga waliirekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya themanini. Lakini kwenye data niliyopata, wimbo huo uliandikwa wa mwaka 1990, kwa sababu huo ndio mwaka ambao kampuni ya Earthworks ya Uingereza ilitoa mkusanyiko uitwao Virunga Volcano. Kwa hiyo nyimbo za miaka ya sabini ziliingia kwenye mashindano ya miaka ya themanini, na wimbo halisi wa miaka hiyo, uliochezwa hapa hapa kwetu, ukafungiwa nje.

Kosa lilikuwa langu. Jedwali langu lilikuwa na safu moja tu ya "mwaka", nami sikujiuliza ni mwaka wa nini. Mwaka wa kurekodiwa? Wa toleo la kwanza? Wa toleo hili lililo mbele yangu? Yeyote aliyewahi kupanga hifadhidata anajua kwamba ukiweka vitu vitatu kwenye safu moja, utakuja kulia.

Lakini nilipoendelea kulitazama jedwali lile, nikaona kwamba hata wazee wenyewe wana kosa kama langu. Safu yao inaitwa "albamu". Kisichoingia kwenye safu hiyo hakihesabiwi.

Kwa Afrika Mashariki, safu hiyo inatuumiza. Muziki wetu mwingi wa wakati ule haukuuzwa kwanza kama albamu. Uliuzwa kwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz, nyimbo za Joseph Kamaru, rumba ya Wakongo waliohamia Nairobi, zote zilipita njia hiyo. Upande mmoja wa santuri ya aina hiyo unabeba dakika nne au tano hivi, na wimbo wa rumba haujui kuisha haraka namna hiyo. Basi ukakatwa vipande viwili. Sehemu ya kwanza upande A, hadithi inasimuliwa taratibu. Unageuza santuri, sehemu ya pili upande B, magitaa yanachachamaa na watu wanainuka kucheza. Ni kazi nzima, ina mwanzo na mwisho. Haina tu jalada kubwa la kutundika ukutani.

Mwalimu atasema albamu ni kipimo cha juu zaidi, kwa sababu msanii anapaswa kukushika kwa dakika arobaini nzima. Mgala muue na haki yake mpe: Thriller inaweza hivyo. Lakini hebu tuihesabu. Ina nyimbo tisa, na saba kati ya hizo ziliuzwa pia moja moja kwenye santuri ndogo. Mamilioni ya watu waliijua hivyo hivyo, wimbo baada ya wimbo redioni. Tena sikiliza wimbo wa kwanza kabisa, Wanna Be Startin' Somethin'. Yale maneno yanayorudiwa mwishoni yametokana na Soul Makossa ya Manu Dibango wa Kamerun, ya mwaka 1972. Dibango alidai haki yake, wakapatana. Na Soul Makossa yenyewe ilitoka wapi? Upande B wa santuri ndogo. Albamu ya mwalimu inafunguliwa na wimbo uliokopa kwenye kitu ambacho mwalimu hakihesabu!

Sisemi wazee waache kubishana. Ubishi ule ni mtamu, na nyama huiva mapema mkiwa na la kusema. Ninachosema ni kwamba orodha za "bora" zinaandikwa kutokana na kile kilichohifadhiwa, na kompyuta zinazopendekeza nyimbo leo zinasoma data hizo hizo. Mwaka ukikosewa, wimbo haupatikani. Jina la mtunzi likikosekana, mirabaha haijui iende kwa nani, na watunzi wengine bado wana familia zinazongoja.

Tunaweza kufanya kitu. Kuna hifadhidata huria iitwayo MusicBrainz, ambayo yeyote anaweza kuichangia. Naipenda kwa sababu waliipanga vizuri: utunzi ni kitu kimoja, rekodi ni kitu kingine, toleo ni kitu cha tatu, na santuri ya nyimbo mbili ina nafasi yake sawa na albamu. Ukiwa na santuri nyumbani, nakili kila kilichoandikwa kwenye lebo: namba, jina la mtunzi, bendi, kampuni. Lebo nyingi hazina mwaka. Huo itabidi umuulize mtu, na watu wa kuulizwa wanazidi kupungua.

Nilirudi Nakuru kuwaeleza wazee kwamba programu yangu haifai. Wakacheka sana, kisha wakaanza upya kuanzia Uprising. Mimi nikaenda jikoni. Mke wa mjomba akanitolea katoni la santuri kutoka chini ya kitanda, baadhi ya lebo zimeliwa na mende. Kwa kila moja aliniambia aliinunua mwaka gani, na wakati huo alikuwa anaishi wapi. Nimeshaandika thelathini na moja. Katoni bado halijafika nusu.