Tujifunze kulala mu hamaki, lakini kitanda tutaendelea kukiomba



Leo hatutaongea juu ya mushahara wala juu ya prime. Tutaongea juu ya kulala. Kuko wenye watacheka: sendika nayo inaingia mpaka mu usingizi wa watu? Ndiyo, tunaingia. Mutu mwenye amelala mubaya anaenda na ule usingizi mpaka ku mashini, na mashini haina huruma.

Maneno yenyewe ni haya. Kuko équipe moja ya sondage, watu wetu kabisa, wenye wanatoboa udongo mu pori ya Lualaba ili wakubwa wajue shaba iko wapi. Kampuni moja ya sous-traitance iliwapeleka mbali na cité. Pahali pa vitanda, iliwapa kila mutu hamaki, kile kitambaa cha kufunga ku miti mbili, chenye watu wa camping wanatumia kama wanaenda kutembea. Waliambiwa: "Ni ya juma mbili tu, vitanda viko njiani." Juma mbili zikakuwa mwezi, mwezi ukazaa mwezi mwingine. Vitanda viko njiani mpaka leo.

Watoto wale walituita. Tulienda, na tuliona si vizuri kusimama tu, kuangalia, kuandika mu kaye na kurudi. Tukaomba hamaki na sisi, tukalala nao usiku tatu.

Usiku wa kwanza, bandugu, tuliteseka. Tulilala tumenyooka katikati ya kitambaa, na kitambaa kikatukunja kama ndizi. Mugongo ukauma, magoti yakakaza. Mumoja wetu, hatutataja jina, alitaka kutoka inje saa nane ya usiku, akaanguka uso chini, na vijana wakacheka mpaka asubuhi. Kisha baridi. Munajua kipwa ya kwetu: mwezi wa sita na wa saba, huku ku milima, usiku unakata kama kisu. Tulijifunika blanketi mbili, lakini mugongo uliendelea kuganda kama vile tumelala mu maji. Asubuhi njo tulielewa sababu gani vijana wale wako na macho mekundu.

Muzee moja wa ile équipe, mwenye amefanya kazi ya sondage miaka mingi, alitukuta tunakunywa chai tukishika viuno. Akasema: "Bacamarade, hamaki haina kosa. Ninyi njo hamujui kuilalia." Akatufundisha. Na sisi tunawapa mafundisho yake hapa, juu tunajua wengi wenu muko mu hali ile ile, ao mutoto wenu, ao bwana yenu.

Jambo la kwanza ni kufunga. Tafuta miti mbili zenye ziko mbali, kama metre nne ao tano. Usifunge ku muti wenye umekauka ao wenye umeliwa na mchwa, wala ku gari, wala ku mashini ya sondage. Funga na mukanda mupana, hapana kamba nyembamba yenye inateleza na kukata ganda ya muti. Usikaze hamaki sana. Watu wengi wanafikiri kama imekazwa itakuwa sawa na kitanda, kumbe ikikazwa inabana mabega na inageuka mbio. Iache ilegee, ikuwe na tumbo, kamba ishuke mu mulalo, si mbali na degree 30. Ukikaa ndani, iwe juu kama kiti: miguu inagusa chini bila shida.

Jambo la pili njo siri yenyewe: usilale kwa kufuata urefu wa kitambaa, lala mu pembe. Kichwa kiende kidogo kushoto, miguu kidogo kuume, ao kinyume. Kitambaa kinajitandika, na mugongo unakuwa karibu sawa. Upande wa miguu ufungwe juu kidogo kupita upande wa kichwa, hivi hautateleza kuelekea katikati. Weka nguo yenye kukunjwa chini ya magoti, na ndogo chini ya shingo.

Jambo la tatu ni baridi. Baridi ya hamaki inatoka chini. Blanketi yenye unalalia inafinywa na uzito wa mwili, haichunge tena joto. Inaomba blanketi ingine ifungwe inje, chini ya hamaki, bila kufinywa. Kama haiko, weka mousse ao hata carton chini ya mugongo. Na mbu anauma kupitia kitambaa, kwa hiyo chandarua izunguke hamaki yote, juu na chini. Wakati wa mvua, bâche ikae juu, na ufunge kakamba kadogo ku mukanda mbele ya hamaki: maji yenye yanafuata mukanda yatadondoka pale, hayatafika ku mwili.

Jambo la ine ni subira. Mwili hauzoee usiku moja. Anza na muchana, dakika 20 ao 30 wakati wa mapumziko. Bamama, kama bwana anarudi congé na hamaki mu sakoshi, mumuache aifunge chini ya muembe. Musiseme amekuwa muvivu, anajifunza. Na kutoka ni hivi: kaa kwanza katikati, shusha miguu miwili, kisha simama. Ule mwenye alianguka anakubali sasa kwamba ni kweli.

Usiku wa tatu tulilala saa sita bila kuamuka. Tunasema ukweli: tulilala muzuri. Hapo njo mabishano yalianza mu sendika yetu.

Camarade moja alisema hivi: "Tusiwafundishe watu kulala mu hamaki. Tukiwafundisha, mukubwa atasema: munaona, wamezoea, vitanda vya nini tena?" Maneno yake si ya bure. Tulienda kuona chef wa chantier, na alitujibu karibu vile: hakuna mutu analalamika, watu wamezoea. Ile neno "wamezoea" tunaijua sana sisi wafanyakazi. Wanaisema juu ya vumbi, wanaisema juu ya chakula ya baridi, wanaisema juu ya kuchelewesha mushahara. Siku yenye mutu anazoea shida, wanaifuta mu hesabu ya shida.

Lakini tulimujibu ule camarade wetu: mutu mwenye anakataa kulala ili kumukasirisha patron, nani anateseka? Patron iko mu kitanda yake. Mwenye anateseka ni ule mwenye anaamuka saa kumi na moja na kushika mashini yenye inazunguka. Watu wa elimu walipima jambo hili: mutu mwenye amekaa macho saa 17, mikono na akili yake vinachelewa kama vya mutu mwenye kuwa na pombe 0,5 gramme mu litre moja ya damu. Hesabu mwenyewe. Ule mwenye aliamuka saa kumi na moja ya asubuhi, saa ine ya usiku iko tayari kama mulevi, hata kama hakugusa hata kikombe ya lutuku. Ku mulango wa mine wanatupulizisha mu kile kiombo cha kupima pombe. Usingizi, nani anaupima?

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: kujifunza kulala ni kazi yetu, juu mwili ni wetu. Kutoa pahali pa kulala ni kazi ya patron. Vitu viwili hivi visichanganywe.

Wazee wetu walijua hamaki mbele yetu, lakini kwa njia ingine. Wakati wa ukoloni, muzungu alibebwa mu kipoyi, kiti ao kitambaa chenye kufungwa ku miti, na wenye kubeba walikuwa babu zetu. Mpaka leo mu vijiji, kipoyi ni ya kupeleka mugonjwa ku hospitali. Kwa hiyo musishangae kama mama moja alituuliza kwa hasira: "Mutoto wangu ni mugonjwa, juu alale mu kipoyi?" Tulimwambia hapana mama, hamaki haina haya. Watu wa visiwa vya Caraïbes waliilalia toka zamani, na neno lenyewe linatoka kwao. Mabaharia walilala ndani miaka mingi ku bahari. Haya iko mu kusema juma mbili na kunyamaza miezi.

Tukumbuke tena: hata Union Minière, yenye haikuwa rafiki ya mutu mweusi, kuanzia miaka ya 1920 ilijua kwamba mufanyakazi mwenye hana nyumba hakae ku kazi. Ikaanza kuita bibi na watoto, ikajenga camp za matofali. Haikufanya vile kwa upendo, ilifanya kwa hesabu. Hesabu ile bado ni ya kweli. Na Code du travail yetu, sheria ya tarehe 16 mwezi wa 10, 2002, inaomba kwamba mutu mwenye ameajiriwa mbali na kwake, ao amehamishwa, apewe logement. Kama haiko, alipwe indemnité. Hamaki katikati ya miti mbili si logement, hata kama mutu amejifunza kuilalia vizuri namna gani.

Sasa tunaomba nini? Tunaomba vitu vine, na si vikubwa. Moja, tarehe ya vitanda iandikwe ku karatasi na isainiwe. Mbili, mpaka siku ile, kila hamaki iwe na chandarua, bâche, mikanda mipana na blanketi ya chini, kwa franka ya kampuni, si ya mufanyakazi. Tatu, mwenye kuumwa mugongo, ao mwenye munganga amekataza, apewe kitanda ya picot leo, si kesho. Ine, hakuna mutu kushika mashini ao usukani wa gari kubwa kama hakupata muda wa kulala, na comité d'hygiène et sécurité ifike pale usiku, hapana muchana tu wakati kila kitu kimefagiwa.

Na ninyi bandugu wenye muko ku chantier, kuko kazi tunawaachia. Mutafute kaye moja ya équipe. Kila asubuhi muandike: nani alilala mu hamaki, saa ngapi, nani alinyeshewa, nani alikuwa na malaria, nani alisinzia ku kazi. Muandike hata usiku wenye mulilala muzuri, juu kaye yenye inasema mabaya tu haiaminiwe. Siku mukubwa atasema "hakuna mutu analalamika", délégué ataweka ile kaye ku meza. Kidole kimoja hakivunje chawa, na malalamiko ya mutu moja ya mudomo haivunje kitu.

Vijana wale wa sondage tuliwaacha na kaye yao ya kwanza. Barua yetu iko tayari, délégation itaipeleka ku bureau ya kampuni juma hii, na jibu yenye tutapata, nzuri ao mubaya, tutawaambia hapa hapa. Leo jioni, mbele ya kulala, muangalie fundo ya mikanda yenu, na ya jirani.