Sindano za Mashavu: Serikali Iamue

Mwaka 2004 mambo mawili yalitokea, kila moja mbali na jingine. Mwezi Agosti wa mwaka ule wakuu wa dawa wa Marekani waliidhinisha sindano ya asidi ya polilaktiki kwa kazi moja tu: kurudisha unene wa nyuso za watu wenye virusi vya UKIMWI ambao mashavu yao yalikuwa yamebonyea. Mwaka huo huo Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kuwapa wagonjwa wake bila malipo dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, na katika mchanganyiko wa vidonge waliopewa wengi wao ilikuwamo stavudini, dawa ambayo pamoja na kuokoa maisha ya watu ilikuwa ikiwakausha mafuta ya mashavu. Hivyo sisi tulianza kulipokea tatizo mwaka ule ule ambao wenzetu waliipokea tiba yake.

Hatusemi haya kwa kuilaumu Serikali. Stavudini ilikuwa rahisi, ilipatikana, na bila ya dawa zile watu wengi ambao leo wanalea wajukuu wangalikuwa makaburini. Lakini deni ni deni, hata kama lilikopwa kwa sababu njema.

Mji wa Tunduma unalifahamu deni hili kuliko miji mingi. Hapo ndipo barabara kuu ya kwenda Zambia inapoivukia nchi, na hapo ndipo reli ya TAZARA inapoiaga Tanzania. Malori husubiri mpakani, na madereva hula, hulala na kuzoeana na wenyeji. Wakati ule Tunduma ilikuwa bado katika Mkoa wa Mbeya, kwani Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016, na uchunguzi wa taifa wa mwaka 2003 hadi 2004 uliuonyesha Mkoa wa Mbeya ukiwa na watu wazima zaidi ya 13 katika kila 100 wenye virusi. Katika mji wa namna hiyo watu walijifunza kuzisoma nyuso. Mama wa genge aliyekunywa dawa zake kwa siri, asiyemwambia hata dada yake, siri yake ilitolewa na mashavu yake mwenyewe. Mteja aliangalia, akanyamaza, na kesho yake akala kwa jirani.

Wataalamu wametueleza jinsi jambo hili linavyotokea. Stavudini huviharibu vinu vidogo vya nguvu vilivyomo ndani ya seli za mafuta, na seli zile hufa polepole, kwanza mashavuni na kwenye vipaji, kisha mikononi, miguuni na makalioni. Shirika la Afya Duniani lilishauri kipimo chake kipunguzwe mwaka 2007, na mwishoni mwa mwaka 2009 likazishauri nchi ziiache kabisa. Tanzania iliiacha, na tangu mwaka 2019 wagonjwa wetu wamekuwa wakihamishiwa kwenye dawa ya dolutegraviri iliyo bora zaidi. Hata hivyo mafuta yaliyokwisha kufa hurudi kwa uchache, na kwa wengi hayarudi kama yalivyokuwa. Walioimeza stavudini kwa miaka mitano au sita wangali nasi, na nyuso zao ni zile zile.

Sasa tuje kwenye sindano zenyewe, kwa maana zipo za namna mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya kujaza. Daktari hutia chini ya ngozi ute wa asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili wenyewe unacho, na shimo la shavu huinuka siku hiyo hiyo. Hudumu miezi sita, au mwaka, pengine mwaka na nusu, kisha mwili huumeza. Ya pili ni ya kuchochea, na asidi ya polilaktiki ndiyo mfano wake mkubwa. Hii yenyewe haijazi kitu cha kudumu. Chembe zake huushtua mwili ukatengeneza kolajeni yake, yaani zile nyuzi zinazoishikilia ngozi. Mgonjwa hurudi kwa daktari mara kadhaa, majuma kadhaa kati ya sindano na sindano, na uso hujaa polepole kwa muda wa miezi. Matokeo yake huweza kudumu miaka miwili na zaidi.

Kwa mtu aliyekaushwa na dawa uso mzima, hatuoni shida ya kuchagua. Mashimo yake ni mapana, na kuyajaza kwa ute ni kazi ya kurudiwa kila mwaka kwa gharama isiyokwisha. Sindano ya kuchochea iliidhinishwa Marekani kwa nyuso za namna yake, na kama ipo mikononi mwa daktari wa ngozi aliyefunzwa, ndiyo inayomfaa.

Lakini liko neno moja ambalo wauzaji hawalisemi. Ute wa kujaza ukienda vibaya, ukauziba mshipa wa damu au ukavimba pasipotakiwa, ipo dawa ya kuuyeyusha, kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi, nacho kikiwahi huiokoa ngozi isife. Sindano ya kuchochea haina dawa ya kuyeyusha. Vinundu vikitokea vimetokea, na mgonjwa atakaa navyo miezi au miaka. Zote mbili, zikiingia kwenye mshipa usiopasa, zinaweza kumpofusha mtu. Kwa hiyo kijana wa mjini, mwenye afya yake, anayetaka mashavu yajae kabla ya harusi, tunamwambia waziwazi: kama huna budi, basi chagua kile kinachoweza kuondolewa, tena kwa daktari aliyesajiliwa na mwenye kimeng'enya hicho mkononi. Chumba cha kusukia nywele si mahali pake, hata kama msusi ni hodari na kiti chake ni cha ngozi.

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba huenda akauliza, Tunduma imetuhusu nini? Ni zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, na visiwani wenye virusi hawafikii hata mmoja katika kila mia. Tunamjibu kwamba uchache huo ndio unaomzidishia mgonjwa wa kisiwani mzigo. Mtu anayejulikana kwa baba yake, kwa mtaa wake na kwa msikiti anaosali hana pa kuuficha uso. Tena bidhaa inayopenya Tunduma haikai Tunduma. Hupakiwa, hufika Kariakoo, na kutoka Kariakoo kuna boti kila siku. Krimu za kuchubua ngozi zenye zebaki na haidrokwinoni, zilizopigwa marufuku miaka mingi iliyopita, zimeifuata njia hiyo ya magendo licha ya kukamatwa na kuteketezwa mara kwa mara. Kichupa cha sindano ni kidogo kuliko kopo la krimu, na faida yake ni kubwa zaidi. Walanguzi hawahitaji kufundishwa hesabu hiyo.

Na hapa tunasema na wakubwa wa Serikali. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi Tanzania Bara ilihamishiwa Shirika la Viwango, na dawa pamoja na vifaa tiba vikabaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Sindano ya mashavu ni kipodozi au ni kifaa tiba? Muuzaji atajibu kwa kutegemea meza aliyosimama mbele yake. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichofunguliwa mwaka huo huo wa 2019 na Marais Magufuli na Lungu, kilijengwa ili mizigo ipite upesi, na hilo ni jema. Ila upesi usiwe mlango wa kitu kupita katikati ya meza mbili. Tamko litolewe kwa maandishi kwamba kila kinachodungwa chini ya ngozi ni kifaa tiba, kinadai usajili na kinadai mkono wa daktari. Zanzibar, ambako Wakala wa Chakula na Dawa unavisimamia vyote viwili, isingoje Bara. Tamko lake linaweza kutoka kwanza.

Lililo gumu zaidi ni la fedha. Mwezi Machi 2010 bima ya serikali ya Marekani kwa wazee na wenye ulemavu ilikubali kulipia sindano hizi kwa watu wenye virusi waliokonda uso na ambao hali hiyo imewatia unyonge wa moyo. Haikuziita urembo. Sisi tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na Zanzibar inao Mfuko wake wa Huduma za Afya. Hatudai kwamba kesho asubuhi kila shavu lijazwe wakati kuna wodi zinazokosa dawa za malaria. Tunachodai ni kwamba waliokonda kwa dawa waliyopewa na hospitali zetu wahesabiwe, mkoa kwa mkoa, Songwe ikitangulia, ili ijulikane ni wangapi na gharama yao ni kiasi gani. Mpaka sasa tunabishana juu ya mzigo ambao hatujaupima.

Mafundi wa kuianza kazi hii hawatakosekana. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1992 kituo cha kufunza magonjwa ya ngozi, ambacho kimewasomesha watu wa nchi nyingi za Afrika. Watolewe wachache humo, mmoja apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, ambayo mgonjwa wa Tunduma anaweza kuifikia kwa basi na kurejea, na mwingine Mnazi Mmoja. Na kabla sindano ya kwanza haijachomwa, kichupa cha kile kimeng'enya cha kuyeyusha kiwe kimekwisha kufika kabatini, na muuguzi wa zamu awe anajua kilipo.