Kaburi Lisilojua Cheo

Hapa Munuki ziko nyumba nyingi ambazo wenyewe waliwahi kuishi Kakuma, katika nchi ya Turkana, kwenye kambi iliyofunguliwa mwaka 1992. Ukiketi nao jioni, mazungumzo hayakawii kuwafikia marehemu waliobaki huko. Mama wa askari mmoja alituuliza: je, mtu aliyezikwa ugenini, penye mchanga na mawe matupu, amezikwa kwa heshima?

Tumjibu kwa habari za Lothagam, mahali palipo katika nchi hiyo hiyo ya Turkana, magharibi ya ziwa. Wanachuoni walioongozwa na Bibi Elisabeth Hildebrand wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, Marekani, walifukua huko maziara ya kale, wakatangaza habari zake mwaka 2018.

Miaka 5,000 hivi iliyopita mvua zilipungua, ziwa likarudi nyuma, na ufugaji ukaanza kuenea. Katika taabu hiyo wafugaji wakajenga jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi. Katikati yake walichimba shimo kubwa, wakazika humo kizazi baada ya kizazi. Yakadiriwa kuwa wamelala humo watu wasiopungua 580: wanaume, wanawake, wazee, hata watoto wachanga.

Sisi tuliozoea kuhesabu nyota za mabegani tungetafuta kwanza kaburi la mkubwa. Halikuonekana. Wataalamu wengi walidhani kwamba kazi kubwa kama ile haifanyiki pasipo mfalme wa kuamrisha. Hapa hapana dalili yake. Karibu kila maiti alipambwa, mdogo kwa mkubwa, kwa shanga za maganda ya mayai ya mbuni au za mawe ya rangi. Mmoja alikuwa na pambo la meno ya panya wa nyikani, zaidi ya 400. Akina mama mnaotunga shanga, fikirini subira ya fundi yule!

Wafugaji ni watu wa kuhama, lakini hawa waliendelea kurudi pale pale na maiti wao kwa karne kadhaa. Shimo lilipojaa walilifunika kwa mawe, wakasimamisha juu yake nguzo za mawe, nyingine zikibebwa kutoka umbali wa kilomita moja hivi, katika jua la Turkana, ambalo waliopita Kakuma wanalijua.