Tumesema na Wote, Ila Yeye

Watu wa Nyabiondo, mlio nyumbani na mliokimbilia kwingine, tunajuana. Hakuna jamaa isiyo na mtu mgumu. Ni baba mdogo anayesogeza mpaka wa shamba kila msimu wa maharagwe. Ni mama mkwe ambaye sombe ya mkaza mwana haimpendezi hata siku moja. Ni ndugu anayekopa, kisha akiulizwa hununa. Habari zao tunazisimulia kisimani, sokoni, na njiani tukitoka Misa. Watu kumi wamekwisha kulisikia kosa la baba mdogo. Asiyeambiwa ni mmoja tu: yeye mwenyewe.

Ati “mtu yule hasemezwi.” Nani alijaribu? Tunanuna miaka mitatu, tukimtuma mtoto: “Mwambie baba yako chakula kiko tayari,” na baba ameketi hatua mbili kutoka motoni, anasikia kila neno! Mtoto huyo anajifunza kwamba nyumbani mwa Wakristu ulimi ni wa kusengenya, na kimya ni silaha.

Na katika nchi yetu kimya hicho kina mwisho tunaoujua sana. Siku moja mtu aliyechoka huondoka akamshtaki ndugu yake kwa wenye bunduki. Huko hapana mzee wa kusikiliza pande mbili. Kuna faini, kuna kifungo, na mbuzi wa mshtaki huliwa pamoja na wa mshtakiwa. Tunauliza basi: mgumu ni yupi, aliyesogeza mpaka, au aliyeita bunduki?

Bwana wetu alitupa njia, nayo imeandikwa katika Mateo, sura ya 18. Kwanza nenda wewe na yeye, peke yenu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, kisha Kanisa. Sisi tumeigeuza juu chini. Tunaanza na kijiji kizima, na yeye tunamwacha wa mwisho.

Tena tunalo jambo la kutuaibisha. Katika Misale ya majimbo ya nchi yetu, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, tunaomba toba na kupeana amani baada ya mahubiri, kabla ya kupeleka matoleo. Maana yake haifichiki: patana kwanza, ndipo ulete kikapu chako. Lakini tumewaona watu (na sisi tumo) wakinyosha mkono kwa jirani wa kulia na wa kushoto, wakimruka mmoja kama jiwe njiani.

Hatusemi juu ya mume anayempiga mkewe. Huyo si mtu mgumu tu, anatenda dhambi na kosa la sheria, na mke asiambiwe aende peke yake akavumilie. Awaendee wazee, jamaa zake, padri, na serikali.

Kwa wengine, kwenda kuna adabu yake. Usiende jioni naye amekunywa kasiksi. Usiende mbele ya watoto wake wala mbele ya mkwewe. Peleka neno moja, si gunia la miaka kumi. “Wewe siku zote” ni uongo, kwa maana hakuna mtu aliye mbaya siku zote, sema, “Juzi uliposogeza miti ile, niliumia.” Kisha nyamaza, umsikilize. Huenda naye ana neno juu yako, na hilo ndilo tunaloliogopa zaidi.

Mapigano yalianza sokoni Ntoto, Walikale, mwezi wa Machi 1993, yakaingia Masisi, na watu waliouziana vyakula wakauana. Hata hivyo, mwaka 1998 wazee wa makabila ya Kivu ya Kaskazini waliketi katika Baraza moja, wakasemezana. Baraza hilo halikudumu. Lakini waliketi, watu waliokuwa na makaburi kati yao. Na sisi tuna nini kati yetu? Miti ya mpaka na chumvi ya sombe.

Wengine watajibu: “Nilikwenda, akanifungia mlango.” Mara ngapi? Mara moja! Petro alimwuliza Bwana kama mara saba zinatosha, na jibu alilopata twalijua. Kesho asubuhi baba mdogo atakuwa shambani, ng'ambo ya miti ile ile, na njia ya kumfikia ni fupi.