Chenga Hazijaharibu Picha, Mmeiharibu Wenyewe

Kaa na wapiga picha wa harusi hapa Kashaulili, Mpanda mjini, utasikia hukumu ileile: picha yenye chenga, yale madoadoa ya gizani, ni picha mbovu. Wateja nao wameikariri. Basi kijana anapiga sherehe ukumbini usiku, anafungua RAW zake, yaani faili ghafi za kamera, kwenye programu ya Lightroom, anavuta kitelezi cha kupunguza chenga mpaka mwisho, na albamu inatoka na watu wa plastiki. Mama wa bwana harusi, bibi mwenye wajukuu, hana kunyanzi hata moja. Msuko wa nywele huuoni.

Imani hiyo imeharibu picha nyingi kuliko chenga zenyewe.

Kwa chenga hizo wengi huilaumu ISO, ile namba ya kamera ya kukuza mwanga. Wanaibana kwenye 400 gizani, halafu wanainua mwanga kwenye kompyuta. Lakini chenga nyingi ni njaa ya mwanga. Mwanga huifikia sensa kwa chembechembe, tena bila mpangilio: palipopokea chembe 100 hupotoka kwa kama 10, yaani asilimia 10; palipopokea 10,000 hupotoka kwa 100, asilimia 1 tu. Kubana ISO huku shata na lenzi viko vilevile hakukuongezei chembe hata moja, na kwa kamera nyingi za zamani, hizi tunazouziana mitumba, kuinua giza baadaye huzidisha uchafu.

Na tazama anayeumia. Gauni jeupe limeshiba mwanga, halina cha kufutwa. Ngozi yetu nyeusi, chini ya taa za zambarau za ukumbini, inaangukia upande wa giza, kwenye chenga nyingi. Programu haitofautishi vizuri chenga na kinyweleo, inapitisha mkono juu ya vyote. Gauni linabaki na kila shanga, aliyelivaa anabaki bila sura.

Madoa ya rangi, yale mekundu na ya kijani kwenye suti nyeusi, futa. Sina ugomvi hapo. Lightroom yenyewe ikifungua RAW huweka 25 kwa chenga za rangi na sifuri kwa zile za mwanga. Najua mtaniambia habari za akili mnemba, ile Denoise ambayo Adobe, wenye Lightroom, waliileta 2023. Ni nzuri, ila nayo hukisia, na uso mdogo wa shangazi aliyekaa meza ya nyuma si mahali pa kukisia.

Isitoshe, chenga hizo unaziona wewe uliyekuza picha hadi asilimia 100. Mteja anaitazama kwenye WhatsApp, imeshapunguzwa, na chenga nyingi zimepotelea humo. Sura iliyofutwa hairudi.

Kwa hiyo, ndugu mpiga picha, elekeza flashi kwenye dari nyeupe, fungua lenzi, pandisha ISO hadi 3200 bila woga. Nawe mteja, ukipewa albamu usimtambue mama yako, irudishe, udai picha ambazo hazijasafishwa.